Vijimea vya Sumu katika Bahari ya Barafu

Planktoni ni viumbe, wengi wao wadogo wasioonekana kwa macho matupu, wanaoelea popote mikondo ya bahari iwapelekapo. Katika bahari za Aktiki wao ndio msingi wa riziki ya samaki, nyangumi na hatimaye binadamu. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford wamekadiria kwamba kati ya mwaka 1998 na 2018 uzalishaji wa vijimea vya Bahari ya Aktiki uliongezeka kwa asilimia 57, kadiri barafu ilivyopungua. Mtu aweza kudhani hiyo ni neema tupu. Lakini si kila kinachoota ni chakula.

Kinachomhusu mganga zaidi ni kijimea kiitwacho Alexandrium catenella, kinachotengeneza sumu ya saksitoksini. Msimu wake ukiisha hujifungia ndani ya kifuko kigumu, kikazama matopeni na kulala, pengine kwa miaka mingi. Ilidhaniwa kwamba vifuko vilivyosombwa kuelekea kaskazini mwa Alaska vingebaki vimelala kwa sababu ya baridi ya sakafu ya bahari. Mwaka 2021 Donald Anderson wa Taasisi ya Woods Hole, Marekani, na wenzake walitangaza kwamba karibu na Ledyard Bay, katika Bahari ya Chukchi, kuna tandiko la vifuko hivyo lililo miongoni mwa makubwa na mazito kabisa duniani. Maji ya chini yamepata joto, na uotaji sasa huanza mapema kwa karibu wiki tatu kuliko miongo miwili iliyopita. Katika kiangazi cha 2022 wimbi kubwa la vijimea hivyo lilionekana eneo la Mlango-Bahari wa Bering, na wakazi wa pwani wakapewa tahadhari.

Kombe huchuja maji na kulimbikiza sumu mwilini bila kubadilika harufu wala ladha. Kuchemsha hakuiondoi, wala kugandisha. Walrasi hula kombe, na wawindaji wa pwani hiyo tangu kale huwala kombe waliomo tumboni mwa walrasi. Kombe wa biashara hupimwa. Wa kitoweo cha nyumbani kwa kawaida hawapimwi. Kumwambia mtu aache chakula cha mababu zake, katika kijiji ambako bidhaa za dukani huletwa kwa ndege kwa bei ya kuruka, si ushauri mwepesi, na anayeutoa hana budi kulitambua hilo.

Dalili huanza dakika chache hadi saa chache baada ya kula: ganzi na mchomo wa midomo, ulimi na ncha za vidole, kisha kulegea viungo, na katika hali mbaya kupooza misuli ya kupumua, kwa kuwa sumu huziba vijia vya sodiamu katika neva. Kwa kawaida homa haipo. Fahamu mara nyingi hubaki timamu, hivyo mgonjwa asiyeweza hata kuinua kidole huenda anasikia kila linalosemwa kitandani pake, azungumziwe. Dawa ya kuitengua sumu haipo. Tiba ni kumsaidia kupumua, kwa mashine ikibidi, na kwa sababu hiyo mgonjwa wa kijijini asafirishwe mapema, kabla pumzi haijaanza kupungua. Mabaki ya chakula yahifadhiwe kwa ajili ya uchunguzi. Anayevuka siku ya kwanza akipumua kwa kawaida hupona kabisa.