Kriketi: Utani unapokosa mipaka, akili ya mchezaji ndiyo hulipa

NAMANGA

Katika mji wa Namanga, ambako barabara kuu itokayo Nairobi kupitia Kitengela na Kajiado huvuka mpaka na kuelekea Arusha, watu wanajua kwamba neno kali halina uzito uleule kila linapotamkwa. Pande zote mbili za mpaka huo wanaishi Wamaasai, ambao kwa desturi yao mvulana anayekaribia kutahiriwa huandamwa na kejeli za waliomtangulia. Humtisha kwamba atapepesa jicho mbele ya kisu na kuwaaibisha wazazi wake. Kwa upande wake, Tanzania ina utani wa makabila, kama ule wa Wanyamwezi na Wazaramo, ambao humruhusu mtu kumrushia mwenzake maneno ambayo kwingineko yangezua ugomvi.

Mila hizo mbili zina jambo moja zinalolingana: kejeli ina mwisho, na anayeitoa ana wajibu kwa anayeipokea. Mvulana akishapita kisu bila kutetereka, haohao waliomkejeli humpokea kwa heshima, na jamaa humtunukia mifugo. Mtani naye, anayetia mzaha hata msibani, ndiye huyohuyo anayetarajiwa kusaidia shughuli za mazishi. Ukali wa maneno umezungushiwa ua, na kila mtu anajua ua huo umeishia wapi.

Katika kriketi ya kulipwa, ua huo haupo. Wachezaji wamezoea kwa miaka mingi kumsemesha mpinzani ili kumvunja moyo, na wengi wao wameutetea mtindo huo kuwa ni sehemu ya mchezo. Hata hivyo, katika miongo miwili iliyopita orodha ya wanakriketi mashuhuri waliolazimika kuacha ziara au kupumzika kwa sababu ya msongo wa mawazo, wasiwasi na sonona imezidi kurefuka. Swali linaloulizwa sasa ni iwapo mchezo unaojivunia adabu unaweza kuendelea kuyahesabu maneno ya kuumiza kuwa ni utani tu.

Mchezo wa upweke

Ili kuelewa kwa nini neno huuma zaidi katika kriketi, ni vyema kukumbuka jinsi mchezo wenyewe unavyokwenda. Kila timu ina wachezaji 11, lakini timu moja inapopiga, wapigaji wake wawili tu ndio huwa uwanjani, wakiwa wamezungukwa na wapinzani wote 11. Kosa moja la mpigaji, kama vile kuuacha mpira ugonge wiketi au kuupiga ukadakwa kabla ya kugusa ardhi, humwondoa mchezoni. Mwanasoka aliyekosa penalti anaweza kufunga bao dakika kumi baadaye. Mpigaji wa kriketi aliyekosea hutembea peke yake hadi chumba cha kubadilishia nguo, na huenda akalazimika kungoja siku mbili kabla ya kupata nafasi nyingine.

Aidha, mechi za Test huchukua hadi siku tano, na ziara ya ng'ambo huweza kumweka mchezaji hotelini kwa miezi kadhaa, mbali na mke na watoto. Baina ya mpira mmoja na mwingine kuna nusu dakika hivi ya kungoja. Katika muda huo mdogo, unaojirudia mamia ya mara kwa siku, mlinda wiketi na wadakaji waliosimama hatua chache kutoka kwa mpigaji hupata nafasi ya kumnong'oneza juu ya udhaifu wake, kushindwa kwake kwa wiki iliyopita, au hata familia yake. Mtu aliyekwisha kuchoka kiakili hana pa kukimbilia.

Yaliyotokea Brisbane

Tukio linalokumbukwa zaidi ni la Novemba 2013, Uingereza ilipokutana na Australia mjini Brisbane katika mechi ya kwanza ya mfululizo wa Ashes. Mpigaji wa Uingereza Jonathan Trott alipata mikimbio 10 katika awamu ya kwanza na 9 katika ya pili, mara zote akiondolewa na mrushaji mwenye kasi Mitchell Johnson. Kabla mechi haijamalizika, David Warner wa Australia aliwaambia waandishi wa habari kwamba aliona hofu machoni mwa wapigaji wa Uingereza, na akaieleza namna Trott alivyotolewa kuwa ni ya udhaifu. Siku ya mwisho, kipaza sauti kilichofichwa kwenye wiketi kilimnasa nahodha wa Australia, Michael Clarke, akimtisha James Anderson kwa lugha chafu kwamba ajiandae kuvunjwa mkono. Clarke alitozwa faini ya asilimia 20 ya malipo yake ya mechi.

Siku moja baada ya mechi hiyo, iliyomalizika kwa Uingereza kushindwa kwa mikimbio 381, ilitangazwa kwamba Trott anarudi nyumbani kutokana na maradhi yanayohusiana na msongo wa mawazo.

Haki yataka isemwe hapa kwamba hakuna aliyethibitisha kuwa maneno hayo ndiyo yaliyomwangusha. Viongozi wa timu yake walieleza kwamba hali hiyo alikuwa nayo kwa muda mrefu. Lakini hapo ndipo penye fundisho. Anayerusha neno hajui limempata nani, wala anayelipokea amebeba mzigo gani. Wahenga walisema mzaha mzaha hutumbuka usaha.

Suala hilo lilijitokeza tena katika kifo cha Phillip Hughes, mpigaji wa Australia aliyegongwa shingoni na mpira mjini Sydney na kufariki dunia Novemba 27, 2014. Wakati wa uchunguzi wa kifo hicho mwaka 2016, kulitolewa madai kwamba alitishiwa kwa maneno uwanjani siku hiyo. Mchunguzi aliamua kwamba kifo kilikuwa ajali na kwamba maneno, hata kama yalitamkwa, hayakuwa chanzo chake. Pamoja na hayo, alionyesha kushangaa kwa nini mchezo mzuri kiasi hicho uhitaji upande mbaya namna hiyo.

Ugonjwa usioonekana

Kabla ya Trott alikuwapo Marcus Trescothick, mfunguzi wa upigaji wa Uingereza. Mwanzoni mwa mwaka 2006 aliiacha ziara ya India, na Novemba mwaka huohuo akarejea nyumbani kutoka Australia. Mwaka 2008 alichapisha kitabu cha maisha yake na kueleza bayana kwamba alikuwa akiugua sonona. Wakati huo, kwa mwanamichezo wa kiwango chake kukiri jambo kama hilo hadharani lilikuwa tendo la nadra.

Wengine walifuata. Oktoba 2019, Glenn Maxwell wa Australia aliomba kupumzika ili aishughulikie afya yake ya akili. Julai 2021, Ben Stokes wa Uingereza naye alijiweka kando kwa muda usiojulikana. Wapo waliodhani nyota yake imezimika. Alirudi uwanjani kabla ya mwaka kwisha, na Aprili 2022 akateuliwa kuwa nahodha wa timu ya Test ya nchi yake. Mfano huo unaonyesha kwamba kupumzika ni tiba kama ilivyo kwa aliyevunjika mguu, na aliyepumzika hawi mwoga.

Si kila habari iliisha kwa heri. Agosti 2024, Graham Thorpe, aliyewahi kuichezea Uingereza mechi 100 za Test, alifariki dunia akiwa na umri wa miaka 55. Familia yake ilieleza kwamba alijiua baada ya kusumbuliwa na sonona na wasiwasi kwa miaka kadhaa. Iliamua kulisema hilo waziwazi ili wengine wasiteseke kimya kimya.

Kanuni zinasikia tusi, hazisikii nia

Baraza la Kimataifa la Kriketi (ICC) lina kanuni za maadili zinazogawa makosa katika ngazi nne. Lugha chafu inayosikika kwa kawaida huwa katika ngazi ya kwanza, ambayo adhabu yake huanzia karipio hadi faini ya nusu ya malipo ya mechi. Tangu Septemba 2016, mchezaji pia huandikiwa pointi za adhabu, na zikifika nne ndani ya miezi 24 hufungiwa. Julai 2017, Kagiso Rabada wa Afrika Kusini aliikosa mechi ya Test mjini Nottingham baada ya kumtolea Stokes neno chafu katika mechi iliyotangulia, kwa kuwa pointi hiyo moja iliongezwa juu ya tatu alizokuwa nazo.

Ubaguzi wa rangi huadhibiwa kwa ukali zaidi. Januari 2003, Darren Lehmann wa Australia alifungiwa mechi tano kwa matamshi ya aina hiyo dhidi ya Sri Lanka.

Tatizo ni kwamba kanuni husikia tusi lakini hazisikii nia. Maneno ya upole yanayomkumbusha mtu ugonjwa wake au ndoa yake iliyovunjika yanaweza kumjeruhi kuliko tusi la nguoni, na bado yasivunje kifungu chochote. Isitoshe, kuna uwanja wa pili ambao mwamuzi hana mamlaka nao. Oktoba 2021, India iliposhindwa na Pakistan mjini Dubai, mrushaji Mohammed Shami alishambuliwa mitandaoni kwa sababu ya dini yake, hadi nahodha wake Virat Kohli akajitokeza hadharani kumtetea. Mchezaji wa leo hutukanwa uwanjani mchana, na usiku hutukanwa kwenye simu yake kitandani.

Mzigo wa Afrika Mashariki

Kwa nchi za ukanda huu, shinikizo lina sura nyingine. Kenya iliishangaza dunia mwaka 2003 ilipofika nusu fainali ya Kombe la Dunia. Njiani iliishinda Sri Lanka jijini Nairobi, siku ambayo Collins Obuya aliangusha wiketi tano kwa mikimbio 24. Tangu hapo wachezaji waliofuata wamekuwa wakipimwa kwa kipimo hicho, huku mchezo wenyewe ukidhoofishwa na migogoro ya uongozi na malipo. Katika Kombe la Dunia la mwaka 2011 timu iliondolewa kwa mikimbio 69 tu dhidi ya New Zealand, na mwaka 2014 Kenya ikapoteza hadhi ya kucheza mechi rasmi za kimataifa za siku moja.

Uganda ilionja sukari na shubiri ndani ya siku chache. Katika Kombe la Dunia la T20 la Juni 2024, lililokuwa la kwanza kwake, iliishinda Papua New Guinea, huku Frank Nsubuga mwenye umri wa miaka 43 akitoa mikimbio minne tu katika zamu zake nne za kurusha. Kisha ikaondolewa kwa mikimbio 39 na West Indies, na kwa 40 na New Zealand. Kijana anayerejea nyumbani na tarakimu kama hizo huzisikia sokoni, kazini na simuni.

Barabara hiyo sasa inawangoja wengine. Mwaka 2025, Tanzania ilifuzu kwa mara ya kwanza kwa Kombe la Dunia la vijana wa chini ya miaka 19, lile la mwaka 2026. Huko Laikipia, vijana wa Kimaasai wa timu ya Maasai Cricket Warriors, wanaocheza wakiwa wamevaa shuka na shanga na kutumia mchezo huo kupinga ukeketaji, walijulikana duniani kupitia filamu ya mwaka 2015. Mwongozaji wa filamu hiyo, Barney Douglas, ndiye aliyetengeneza nyingine mwaka 2019 kuhusu timu ya Uingereza iliyopanda hadi kileleni mwa dunia, na gharama ambayo wachezaji wake, Trott akiwamo, waliilipa kiakili. Filamu ya kwanza inaonyesha mchezo unaojenga jamii, na ya pili mchezo uleule ukimla mchezaji. Wazazi na makocha wangefaidika kwa kuzitazama zote mbili.

Nchini Kenya sheria nayo imeanza kubadilika. Januari 2025, Mahakama Kuu iliamua kwamba kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, kilichofanya jaribio la kujiua kuwa kosa la jinai, kinakiuka Katiba. Uamuzi huo ulikubali kwamba mtu aliyefikia hatua hiyo anahitaji daktari kuliko askari.

Kinachobaki ni kazi ya vilabu, shule na mashabiki. Kocha anaweza kumuuliza mchezaji alivyolala usiku kama anavyomuuliza kuhusu goti lake. Chama kinaweza kuhakikisha kwamba timu inaposafiri, mshauri wa mambo ya akili yumo miongoni mwa wasafiri. Mchezaji naye, kabla ya kufungua kinywa, anaweza kujiuliza swali ambalo mtani yeyote wa kweli angelijibu bila kusita: yule ninayemkejeli leo akianguka kesho, je, nitakuwapo kumwinua?