Maji ya Moto ya Beppu na Stara ya Mgeni

Kusini mwa nchi ya Japani, katika kisiwa cha Kyushu, uko mji uitwao Beppu, umekaa baina ya mlima Tsurumi na ghuba ya bahari. Auonaye mara ya kwanza hudhani kuwa unaungua, kwani weupe kama moshi hupanda mapaani, mifereji na hata kandoni mwa barabara. Kumbe si moshi, ni mvuke. Maji ya mvua yazamayo ardhini hupashwa na moto wa volkano ulio chini, kisha hurejea juu yakichemka. Chemchemi zake zazidi 2,000, wala hapana mji mwingine Japani uupitao kwa wingi huo.

Tuliufikia kwa gari la moshi kutoka Fukuoka, mwendo wa saa mbili hivi, sisi na mama watoto, kumzuru kijana wetu aliye masomoni. Juu ya vilima vya mji huo pana chuo kikuu kilichofunguliwa mwaka 2000, na wanafunzi wake hutoka pande nyingi za dunia, Waislamu wakiwamo. Na msikiti mjini upo.

Tulishukia katika nyumba ya wageni ya kikwao, iitwayo ryokan. Viatu huachwa mlangoni, chumba chote ni mikeka minene, na matandiko hutandikwa chini usiku. Sisi tuliokulia mikekani hatukuona ugeni. Ugeni ulikuja jioni, mama mwenye nyumba alipotuinamia kwa adabu na kutuonyesha mahodhi mawili ya kuogea, la wanaume na la wanawake.

Wenyeji huingia humo pamoja, uchi kabisa. Msomaji asiharakishe kuwalaumu. Kabla ya kuingia, kila mmoja hukaa juu ya kigoda akajisugua kwa sabuni na kujisuuza hata asibakie na taka, na nguo kwao ni uchafu kwa maji ya watu wote. Hata kitambaa cha kujifutia hawakitii majini. Lakini sisi tuna mpaka wetu, kitovu hata goti, nao hauondoki kwa sababu ya safari.

Kijana wetu akasema, "Baba, tungoje watu walale, tuingie na vikoi vyetu." Tukamkataza. Maji yale si yetu, na mwenyewe ametutajia sharti lake. Basi tukaomba radhi kwamba hatutaoga. Tuliuona uso wa yule mama ukisawijika: alidhani tumeona maji yake machafu! Ikawa lazima kijana amfasirie kwa urefu kuwa tatizo ni stara, si maji. Hapo akacheka, akatwaa ufunguo. Kumbe lilikuwako hodhi dogo la jamaa, lenye mlango wa kufungwa kwa ndani, likodishwalo kwa saa! Laiti tungaliuliza tulipokuwa tukiandika barua ya kuomba chumba, tusingalimhuzunisha mtu.

Na chakula vilevile huulizwa kabla, siku kadhaa. Samaki wa huko ni wengi na wazuri, lakini mchuzi wao aghalabu hutiwa mvinyo wa mchele, na asiyejua hataujua kwa ladha. Kilichoturahisishia ni mtaa wa Kannawa, ambako watu hupika kwa mvuke utokao ardhini. Tulinunua mayai, viazi vitamu na mboga, tukaviweka wenyewe katika jiko la mawe. Yai la mvuke ule tulilila bila kulitia chumvi.

Karibu na hapo yako madimbwi yachemkayo ambayo Wajapani huyaita "jehanamu". Moja ni la buluu kama bahari, jingine jekundu kama damu kwa udongo wake. Na pahala pamoja hufugwa mamba, tangu mwaka 1923, kwa kuwa joto lawafaa. Mama watoto alisema jina hilo halimpendezi, akakaa nje penye hodhi la kutia miguu tu.

Kibla huko ni upande wa magharibi, kikielekea kaskazini kidogo. Alfajiri tulisimama juu ya mikeka ile, bahari ikiwa nyuma yetu na mlima mbele, mvuke ukipanda gizani. Tulipotoa salamu tulisikia mama mwenye nyumba akipita ukumbini kwa kunyata.