Ofisi ya Rais siyo Ikulu peke yake

Msomi ukisikia "Ofisi ya Rais" unawaza Chamwino au Magogoni, sivyo? Mbona hata huku Uru inatufikia! Katiba, ibara ya 36, inampa Rais mamlaka ya kuanzisha na kufuta nafasi za madaraka. Mkuu wa utumishi wa umma ni Katibu Mkuu Kiongozi, ambaye pia ni Katibu wa Baraza la Mawaziri. Utumishi nayo imo humo humo, pamoja na Sekretarieti ya Ajira, utakakotuma maombi ukihitimu. Mkuu wa Wilaya ya Moshi anateuliwa na Rais. Madiwani wa kata za Uru tunawapigia kura. Diwani akikuahidi ajira serikalini, muulize: kwa mlango upi?