Taarifa za utafiti wa afya zinaliwa na mchwa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nitoe dukuduku langu juu ya tafiti za afya zinazofanywa nchini kisha zikafia kabatini.

Mwaka 1987 nilikuwa msaidizi wa maabara katika wilaya moja ya Kanda ya Ziwa. Tulipita shule kwa shule tukipima kichocho. Mkojo wa watoto tuliuchukua kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana, kwani ndio wakati mayai ya kichocho hutoka kwa wingi. Niliyahesabu kwa darubini mpaka macho yakaniuma. Tuliandika pia malambo yenye konokono wanaoeneza ugonjwa huo, lambo kwa lambo. Taarifa ikapigwa taipu, nakala tatu, ikawekwa stoo. Haikuchapishwa popote. Paa likavuja, mchwa wakamaliza kazi.

Mwaka juzi wakaja vijana watafiti, wakaanza upya. Waliniuliza hali ilikuwaje zamani, wapate kujua kama dawa wanazopewa watoto shuleni zimepunguza ugonjwa. Nikabaki kuwasimulia. Je, ndugu wasomaji, hesabu ya kukumbuka kwa kichwa nayo ni hesabu?

Mwaka 1982 jarida moja la Ulaya lilichapisha kwamba damu ya baadhi ya watu wa Liberia ilionyesha wamewahi kukutana na Ebola. Wakuu wa afya wa Liberia walieleza mwaka 2015 kuwa hawakuijua habari hiyo, na wakati huo Ebola ilikwisha ua maelfu ya wananchi wao. Hiyo ilichapishwa! Sembuse zetu za stoo?

Siku hizi karatasi hupigwa skana zikawekwa katika hifadhi ya kompyuta. Chuo Kikuu cha Muhimbili kinayo, na tasnifu za wanafunzi wake husomwa kwa intaneti. Lakini za wilayani nani anaziweka? Hata utafiti ulioonyesha dawa haikufaa uwekwe, maana utaokoa fedha za atakayefuata. Majina ya wagonjwa yafutwe kwanza, na nakala zikae mahali zaidi ya pamoja, kwani kompyuta nazo hufa.

Nawaomba wahusika waagize stoo za hospitali za wilaya zifunguliwe kabla ya masika.

Daftari langu la 1987 ninalo bado, ingawa kurasa chache zimeliwa na panya. Anayelihitaji nitampa alipige picha, ila alirudishe.

Msaidizi wa Maabara Mstaafu,
Mwanza.