Ndege za umeme: mota ipo, umeme bado

WANUNUZI wadogo wa hisa wanaovutiwa na ndege za umeme wana swali moja la kuuliza kabla ya kutoa fedha: umeme wenyewe utatoka wapi?

Mota si kikwazo tena. Juni 2020 wakala wa usalama wa anga wa Ulaya uliidhinisha Velis Electro, ndege ya viti viwili ya Pipistrel ya Slovenia. Lakini betri zake haziiweki angani hata saa nzima. Tatizo ni uzito. Kwa uniti zile zile za mita ya nyumbani, kilo moja ya mafuta ya ndege ina nishati ya uniti 12 hivi. Kilo ya betri za lithiamu ina takriban robo uniti.

Ndiyo maana makampuni yamegeukia kuzalisha umeme ndani ya ndege. Katika mtambo wa haidrojeni, gesi hiyo hukutana na oksijeni ya hewani, ukapatikana umeme na maji. Kilo yake ina uniti 33. Kasoro ni nafasi: hata ikipozwa kuwa kimiminika, kwa nyuzi 253 chini ya sifuri, hudai tangi kubwa karibu mara nne ya lile la mafuta.

Soko limekwisha toa somo. Universal Hydrogen ya Marekani ilirusha ndege aina ya Dash 8 Machi 2023, injini moja ikiendeshwa kwa haidrojeni. Mwaka 2024 ilifunga milango kwa kukosa mtaji. Lilium ya Ujerumani, iliyotegemea betri, iliingiza hisa Nasdaq 2021 na kuomba ulinzi wa ufilisi Oktoba 2024. Airbus, iliyolenga 2035 kwa ndege ya haidrojeni, ilirudisha nyuma ratiba hiyo Februari 2025.

Wapo wanaotazama platinamu, madini yanayotumika katika mitambo hiyo na yanayochimbwa zaidi Afrika Kusini. Wasisahau kwamba mnunuzi mkubwa wa platinamu bado ni viwanda vya magari, hivyo bei haitapanda kwa habari za ndege peke yake.

Safari moja ya majaribio si mauzo. Mwenye mtaji mdogo aangalie kwanza idhini ya kubeba abiria, oda zilizolipiwa, na fedha za kampuni zitaiendesha miezi mingapi.