Salgaa: Biashara ya kujua lori liko wapi

Malori mengi yanayotoka bandari ya Mombasa kwenda Malaba na Busia, mpakani na Uganda, hupumzika Salgaa, magharibi mwa mji wa Nakuru. Dereva anaegesha, anakula, anatafuta pa kulala. Zamani tajiri wake alibaki kungoja simu. Sasa anafungua programu na kuliona lori kwenye ramani, anajua injini ilizimwa saa ngapi na, kama amelipia kihisio cha tangi, dizeli imepungua kiasi gani.

Dizeli hiyo ndiyo inayouza vifaa vya kufuatilia malori. Kwenye mteremko wa Sachangwan kuja Salgaa, baadhi ya madereva huondoa gia na kuliachia lori liserereke, kisha mafuta yaliyookolewa huuzwa kando ya barabara. Breki zikigoma, watu hufa.

Serikali nayo imo. Mwaka 2017 Mamlaka ya Ushuru ya Kenya, pamoja na wenzake wa Uganda na Rwanda, ilianza kutumia mfumo mmoja wa lakiri za kielektroniki. Lakiri hufungwa kwenye kontena. Lori likiacha njia iliyopangwa au mlango ukifunguliwa, maafisa hupata taarifa. Korona ilipoingia mwaka 2020, Jumuiya ya Afrika Mashariki ilileta programu ya simu ya kumfuatilia dereva na kuonyesha cheti chake cha vipimo. Kifaa kikatoka kwenye kontena, kikaingia mfukoni mwa mtu.

Wazo la kufuatilia mahali kitu kilipo si la wafanyabiashara pekee. Mmarekani Bob Bruninga, mpenzi wa redio za ridhaa, ndiye aliyebuni APRS, mfumo wa kurusha mahali ulipo na ujumbe mfupi kwa mawimbi ya redio. Mwishoni mwa miaka ya 1990 Kenwood ilikwisha kutoa redio ya mkononi, TH-D7, inayofanya kazi hiyo ikiunganishwa na GPS. Haihitaji mnara wa simu wala ada ya mwezi, bali leseni tu. Nchini Kenya leseni hiyo hutolewa na Mamlaka ya Mawasiliano.

Kwa vifaa vya malori, ada ya mwezi ndipo faida ya wauzaji ilipo, na mlipaji ni tajiri. Kwa hiyo kila kitu hutengenezwa kwa ajili yake. Dereva, anayejua ule mteremko kuliko yeyote, hubaki kuwa nukta kwenye ramani, ingawa teknolojia iyo hiyo ingeweza kumwonya breki zikipata moto au kumwitia msaada. Soko la vifaa vya kumsaidia dereva bado halijachangamkiwa vya kutosha.