Kumbeulisha Mtoto Baada ya Kunyonya

Leo napenda kuzungumza nanyi juu ya jambo ambalo kwa wengi ni dogo, lakini limewanyima watu usingizi katika nyumba nyingi; nalo ni hewa iingiayo tumboni mwa mtoto mchanga.

Fikirini nyumba moja usiku wa manane. Mtoto ana majuma matatu tu. Amenyonya, ameshiba, amelazwa. Mara anakunja miguu, uso wamwiva, analia. Mama ampa titi tena, akidhani ni njaa. Mtoto anyonya kidogo, kisha alia zaidi. Bibi asema apewe maji ya dawa. Jirani asema ni chango. Kumbe pengine hapana ugonjwa wala njaa, ila hewa aliyomeza pamoja na maziwa.

Sababu yake ni hii. Mtoto anyonyapo, humeza na hewa. Hewa ni nyepesi kuliko maziwa, basi hukaa juu yake. Mtoto akiwa wima, hewa hupanda mpaka penye njia ya chakula, ikatoka kwa kinywa. Lakini akilala chali, maziwa huziba njia ile, na hewa hubaki ndani ikilivimbisha tumbo lake dogo. Anyonyaye titi, kama amelishika vema kwa kinywa kilicho wazi sana, humeza hewa kidogo. Anywaye kwa chupa humeza zaidi. Kwa hiyo chupa na iinamishwe hata maziwa yaijaze chuchu ya mpira.

Ziko njia tatu za kumbeulisha. Ya kwanza, mwegemeze begani, kidevu chake juu ya bega lako, mkono mmoja ukimshika matakoni, na wa pili ukimpapasa mgongoni. Ya pili, mkalishe mapajani, umwinamishe mbele kidogo, kiganja chako kikitegemeza kifua, na vidole vikishika taya. Angalia sana usimbane koo. Ya tatu, mlaze kifudifudi juu ya mapaja yako, kichwa kikiwa juu kidogo kuliko kifua. Kwa njia zote tatu, shingo yake isiachwe bila kutegemezwa, maana bado haina nguvu. Weka na kitambaa begani, kwani huenda akacheua. Mpapase au mpige polepole kwa kiganja. Mgongo wa mtoto si ngoma.

Mbeulishe ahamapo titi moja kwenda la pili, au chupa ifikapo nusu, na tena amalizapo. Ukingoja dakika chache asibeue, usimsumbue. Huenda hana hewa. Uchunguzi mmoja uliofanywa katika mji wa Chandigarh, nchi ya India, na kutangazwa mwaka 2014, uliwaangalia mama 71 na watoto wao. Ulionyesha kwamba kubeulishwa hakukupunguza vilio vya tumbo, na watoto waliobeulishwa walicheua zaidi. Basi, jambo hili ni la kumpa mtoto raha, wala si sheria. Mama ambaye mtoto wake habeui asijilaumu, na mama mkwe asimlaumu.

Sasa nisikilizeni vema, maana hapa pana hatari. Wako wanaomlaza mtoto kifudifudi usiku, wakiogopa atapaliwa na matapishi. Sivyo. Mtoto alalaye chali, njia yake ya pumzi huwa juu ya njia ya chakula, na maziwa yakirudi humezwa tena au hutoka kinywani. Kifudifudi ndiko kwenye hatari ya kufa ghafula usingizini. Kwa hiyo mbeulishe, kisha mlaze chali, kila mara.

Tena, asipewe maji wala dawa ya tumbo ya dukani kabla ya kutimiza miezi sita, isipokuwa kwa amri ya mganga wa hospitali; maziwa ya mama yamtosha. Wala usimtikise mtoto kwa hasira alipo na kilio kisichokwisha, kwani ubongo wake waweza kuumia hata afe. Ukichoka mno, mlaze chali mahali pa salama, utoke kidogo upumue, au umwite mwenzio.

Kucheua maziwa kidogo si ugonjwa. Lakini akitapika rangi ya kijani au damu, au akitapika kwa nguvu hata matapishi yaruke mbali kila anyonyapo, au akiwa na homa, au akikataa kunyonya, msingoje kuche: mpelekeni hospitali mara moja.

Nanyi akina baba, kazi hii haihitaji titi. Yahitaji bega tu. Mama amalizapo kunyonyesha usiku, mpokeeni mtoto, naye apate kulala. Kwaherini.